Mkalimani wa Profesa Kifaranga

Nilianza ukalimani nikiwa na miaka minne, mezani, wakati wa chakula. Hakuna aliyeniajiri. Baba alikaa upande huu, dada yangu upande ule, mama akiingia na kutoka jikoni, na mimi katikati nikigeuza shingo kama feni. Baba hakujua lugha ya alama. Dada hakusikia. Mimi nilikuwa na masikio mazima na mikono miepesi, basi kazi ikawa yangu.

Dada hakuzaliwa kiziwi. Alipokuwa na miaka mitatu, mimi sijazaliwa, alipata maambukizi ya damu akalazwa hajitambui. Madaktari wakamwandikia sindano za siku kumi. Siku ya sita mama, ambaye alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda chake wodini, aliangusha mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Wodi nzima ilishtuka. Dada, ambaye homa ilikuwa imeanza kushuka na macho yake yako wazi, hakupepesa hata ukope. Mama akapiga makofi nyuma ya kisogo chake. Akamwita. Hakuna kitu.

Baba alipokuja kuwaona, mama akamwambia, "Mtoto hasikii. Waambie wasimamishe hizo sindano kwanza."

Baba wakati huo alikuwa mhadhiri msaidizi wa elimu ya wanyama, mtu wa vitabu. Akajibu, "Amechoka tu na homa. Daktari kasema siku kumi. Amalize dozi."

Akamaliza dozi. Akatoka hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hakusikia tena sauti ya mtu.

Mama alikuwa mtu wa haki. Kila aliponisimulia habari hii alimalizia kwa kusema, "Lakini bila zile sindano tungemzika." Baba hakuisimulia kabisa. Ukiigusa, aliinuka na kwenda kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Miezi michache baada ya dada kutoka hospitali, baba alisoma mahali kwamba kuku akidungwa dawa za aina ileile huwa kiziwi kama mtu, kisha baada ya wiki chache anasikia tena. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, ndizo zinazoipokea sauti. Dawa huziua. Kwa binadamu zikishakufa zimekwenda. Kwa ndege huota nyingine. Baba alikuwa ameshachunguza mijusi miaka minne. Aliwatupa mijusi wake kama mtu anayevua viatu vyenye moto, akahamia kwenye mayai.

Nimekulia katika maabara yake. Ilikuwa chumba cha chini, nyuma ya jengo, chenye dirisha moja linalotazama tangi la maji. Ukutani kulisimama mashine ya kuangulia mayai, kubwa kama kabati la nguo. Niliijua mashine ile kabla sijajua kusoma, na nadhani ndiyo iliyonifanya baadaye niwe fundi wa friji na viyoyozi. Kila yai liliandikwa kwa penseli saa lilipoingia. Likifika saa yake, baba alikata kidirisha kwenye ganda kwa mkasi mwembamba, na ndani yake, juu ya kiini, ungeona kitu kama uzi mweupe. Huyo ndiye kifaranga wa siku mbili. Moyo wake unadunda tayari. Sikio lake ni kishimo tu pembeni mwa kichwa, kama mtu amebonyeza ukucha kwenye unga.

"Jeni zote zimo katika kila seli," baba alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, "lakini hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Nyingine zimelala, nyingine zimeamka. Sisi tunauliza tatu tu: ipi imeamka, mahali gani, na saa ngapi."

Kujua hilo alitumia rangi iliyokuwa ikinasa pale tu jeni anayoitafuta ilipo kazini. Palipoamka paligeuka zambarau; palipolala palibaki pamepauka. Aliamini kwamba jeni zinazolijenga sikio ndani ya yai ndizo zinazoamshwa upya kuku mzima anapoota seli mpya, na kwamba akizijua moja baada ya moja, siku moja ataweza kuziamsha kwa mtu. Hakusema mtu gani.

Wanafunzi walimwita Profesa Kifaranga. Alijua, na hakuchukia.

Nyumbani alikuwa na sheria moja: meza ni ya midomo. Dada avae vifaa vya kusikilizia, asome midomo, atoe sauti. "Akizoea mikono atakata tamaa na masikio," alisema. Vile vifaa vilimpigia dada mluzi kichwani na kumpa maumivu, wala havikumpa neno hata moja. Mama alikwenda shule ya viziwi kila Jumamosi kujifunza alama. Baba alikwenda mara mbili, ya tatu akasema mayai hayajui Jumamosi. Mimi nilijifunza kwa mama na dada kama mtoto anavyojifunza kutambaa, na baba, kwa kuwa nilikuwa mdogo na mikono yangu ilimchekesha, alinifumbia macho mimi. Ndivyo ukalimani ulivyoanza.

Na ndivyo uongo ulivyoanza. Baba angesema, "Mwambie hizi maksi za hesabu ni aibu tupu, mtoto wa profesa." Nilimtazama dada, tayari amekunja uso, nikamwambia kwa mikono, "Baba anasema hesabu ni ngumu, atakusaidia." Dada angejibu, "Mwambie hajawahi kukanyaga shuleni kwangu hata siku moja." Nami nikageuka, "Anasema atajitahidi, baba." Wote wawili wakatulia, chakula kikaendelea. Mama aliona, maana alijua lugha zote mbili. Alinitazama mara moja kwa jicho kali, nikateremsha uso, na hakunifichua. Nadhani naye alikuwa amechoka na vurugu.

Sikuwa nadanganya kila kitu. Nilikuwa nakwangua miiba. Lakini ukikwangua miiba kwa miaka ishirini na kitu, watu wanaanza kupendana na mtu ambaye hayupo. Baba alimpenda binti mtiifu anayeelewa kwamba kila yai linavunjwa kwa ajili yake. Dada alimpenda baba mwenye shughuli nyingi na moyo laini. Watu wote hao wawili niliwatengeneza mimi.

Dada alikua akaajiriwa kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi. Mule ndani kelele za mitambo zilikuwa kiasi kwamba kila mtu alikuwa kiziwi mpaka saa ya kutoka, na waliosikia ndio waliokuwa wakihangaika kupigiana kelele. Yeye alifanya kazi ametulia. Alikata rimu kwa rimu bila kupotoka uzi, wakampandisha akawa msimamizi wa zamu, wakamwita Bibi Kisu. Akaolewa na seremala, kiziwi wa kuzaliwa, mtu wa mizaha ambaye angekuchekesha kwa nyusi peke yake.

Baba alipopata habari za posa, aliniita maabara. "Muulize kama wamefikiria habari ya watoto. Viziwi wawili."

Nikaenda nikamwambia dada, "Baba anawaombea mpate watoto." Dada alikuja siku ileile akamkumbatia baba mpaka miwani ikaanguka. Baba akadhani swali lake limepokewa vizuri.

Hapo nilipaswa kukoma. Sikukoma.

Miaka miwili baadaye dada akapata ujauzito. Wakati huo baba alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na alikuwa amepata jambo lake kubwa. Kulikuwa na jeni aliyoiita Kiamshi. Kwenye yai la saa hamsini na mbili ilionekana kwenye ukingo wa mbele wa kile kishimo cha sikio, doa la zambarau dogo kuliko kichwa cha sindano. Baada ya saa chache ilizima. Siku ya sita ikawaka tena, palepale seli za vinyweleo zinapoanza. Na kwa kuku mkubwa aliyedungwa dawa, iliwaka ndani ya siku mbili. Miaka ishirini na sita, mayai zaidi ya elfu tisa, na majibu ndiyo hayo. Kwa binadamu mzima Kiamshi imelala, na hakuna ajuaye kwa nini haiamki. Baba hakuwa mjinga. Alijua kwamba ameishia mlangoni.

Akaniambia, "Nataka damu ya dada yako. Kichupa kimoja. Kuna kitu nataka kukitazama kabla sijafunga kazi. Mwambie ni kwa ajili ya utafiti wangu."

Nilijua dada atakataa. Alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, hasira zi karibu. Tena alishanieleza, si mara moja, kwamba amechoka kuwa yai la mtu. Basi nikamwambia, "Baba ana wasiwasi na wewe. Anataka upimwe kama damu inatosha."

Dada alikaa kwenye kiti cha maabara, akakunja mkono wa gauni, akamnyooshea baba mkono wake. Baba aliichota mwenyewe, kwa upole sana. Dada alimtazama usoni muda wote. Akaniambia, "Kumbe anaogopa kunipoteza." Nikatikisa kichwa kukubali.

Alijifungua salama, mtoto wa kike anayesikia. Mtoto alipofika miezi mitano, chuo kikaandaa mhadhara wa kumuaga baba. Ulikuwa mchana, ukumbi umejaa, mkuu wa kitivo amevaa tai. Chuo kilitaka kuleta mkalimani wa kazi hiyo. Baba akawaambia, "Wa nini? Mwanangu yupo." Seremala alibaki nyumbani na mtoto. Mimi nikakaa mstari wa mbele, dada kushoto kwangu, mama kulia, nikageuza mwili ili dada aione mikono yangu.

Baba alizungumza vizuri. Picha za vifaranga zikapita ukutani moja baada ya nyingine, na lile doa la zambarau likaja kubwa kama dirisha, watu wakaguna. Nilimfasiria dada neno kwa neno, maana humo hamkuwa na miiba. Kisha ikaja picha ya dada mwenyewe, miaka minne, amevaa vifaa vya kusikilizia, anamkazia macho mpiga picha.

"Huyu ni binti yangu," baba alisema. "Yupo hapa leo. Kazi hii yote niliifanya kwa ajili yake."

Makofi. Dada aliinama kidogo, amekunja midomo.

"Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Kwa miaka mingi nilijilaumu. Aliharibiwa masikio na sindano, nami ndiye niliyesema amalize dozi." Akavua miwani. "Mwaka huu nimechunguza damu yake. Ina hitilafu ndogo katika ile sehemu ya chembe za uhai ambayo mtu huirithi kwa mama yake, kamwe si kwa baba. Mwenye hitilafu hiyo, hata dozi ya kwanza ingetosha kumtia uziwi. Siku moja, siku kumi, ni yaleyale. Hakuna ambacho baba yeyote angeweza kufanya."

Watu walisimama kupiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yetu alikuwa akilia. Mikono yangu ilikuwa imesimama hewani.

Dada akanigonga kiwiko. "Anasema nini?"

Nikaanza, "Anasema kwamba anakupenda, na..."

Mkono wa mama ukapita mbele ya kifua changu ukaisukuma mikono yangu chini. Mama alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vyake vilishapinda, na alama zake zilikuwa za polepole kama mtu anayeandika kwa mkaa. Akamwambia dada, "Anasema uziwi wako umetoka kwangu. Ameuona kwenye damu yako. Anasema hata angenisikiliza ile siku, isingesaidia."

Dada alimtazama mama. Kisha akanitazama mimi. "Damu ipi?"

Niliinuka nikashika mkoba wa mama, tukatoka watatu.

Nyumbani baba aliingia ameshika shada la maua na saa ya ukutani waliyompa. Alitukuta sebuleni tumesimama, hakuna aliyekaa.

"Mbona mliondoka kabla ya picha?" akauliza.

"Siku ya sita nilikuambia," mama alisema.

"Hebu mama watoto, sijamlaumu mtu. Nimesema ukweli wa sayansi. Kitu cha kurithi si kosa la mtu."

"Sizungumzii kurithi. Nilikuambia mtoto hasikii, ukaniambia nimechoka."

"Nilisema yeye amechoka."

"Ulisema mtoto, lakini uliyekuwa ukimtazama ni mimi." Mama alikuwa haongezi sauti. "Ingekuwa mimi ndiye niliyekataa, wewe ukiniomba, na mtoto akaharibika, ungenisamehe? Miaka yote hii nimekutetea kwa watoto wako. Na wewe siku ya kujitetea umenitafuta mimi, mbele ya watu mia tatu."

Baba akaweka maua mezani. Nafikiri kwa dhati hakuwa ameliona hivyo. Alikuwa amebeba mzigo, akaona mahali pa kuutua, akautua bila kuangalia umemwangukia nani.

Dada akaanza kusema. Mikono yake ilikwenda kasi, na baba, kama miaka yote, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Anasema nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifasiri bila kukwangua mwiba.

"Anasema uliiba damu yake. Anasema mimi ndiye mwizi na wewe ndiye uliyenituma."

"Sikuiba! Nilikuambia umwambie ni ya utafiti!"

"Nilimwambia ni ya afya yake," nikasema. "Nilijua atakataa." Nikalirudia kwa mikono, dada aone.

Dada alimkabili baba, akapunguza kasi kana kwamba anamfundisha mtoto.

"Anasema umejifunza masikio ya vifaranga elfu tisa," nikaendelea. "Anauliza, alama ya jina lake ni ipi?"

Viziwi hawaandikiani jina herufi kwa herufi kila wanapoitana. Kila mtu hupewa alama yake na wenzake, na hiyo ndiyo jina. Dada alipewa yake akiwa na miaka saba. Mama aliijua, seremala aliijua, mwenye duka la jirani aliijua. Baba aliinua mikono yake, ile mikono iliyoweza kukata ganda bila kugusa utando, ikabaki juu, haijui iende wapi. Akaishusha.

"Mwambie nilikuwa natafuta dawa yake," akasema.

Nikamwambia. Dada akajibu, nikafasiri: "Anasema hakuwa mgonjwa."

Mama alifungasha nguo siku ya pili yake, akaenda kwa dada kumsaidia kulea. Hakutangaza kwamba anaondoka. Alisema anakwenda kumtazama mtoto, na akawa anamtazama mtoto wiki, kisha mwezi, kisha mwaka. Barua za baba alizisoma, akazikunja vizuri, akaziweka.

Baba alimtafuta mwalimu wa lugha ya alama. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni miezi minane, kisha akaenda kwa dada na sentensi alizoziandaa. Seremala alinihadithia, maana mimi sikualikwa. Baba aliomba msamaha, kwa alama zilizo sahihi kabisa, kama za kitabuni. Dada alimjibu taratibu, kwa adabu, kama unavyomwelekeza mgeni njia ya stendi. Akamkaribisha soda. Walikaa nusu saa. Baba aliishiwa sentensi, na hapakuwa na mtu wa kugeukia.

Mimi nilikwenda kwa dada mara tatu kabla hajanifungulia. Alisimama mlangoni akasema, "Yeye nitamsamehe kwanza, wewe baadaye sana. Yeye hakujua lugha. Wewe ulijua." Kisha akaniambia nimsalimie mke wangu. Siku hizi hunitumia ujumbe wa simu, mfupi, kama friji yao ikiharibika.

Mtoto alipokuwa na miaka miwili alishikwa na nimonia akalazwa. Nilikuwa nimekwenda hospitali kupeleka blanketi, nikawa nimesimama kando ya pazia. Daktari alitaja sindano anayotaka kuanza nayo, ya aina ileile aliyodungwa dada. Mama akasema, "Hapana. Hiyo hapana." Akatoa karatasi kwenye mkoba, taarifa ya damu ya dada yenye muhuri wa maabara ya baba, ambayo baba aliitia ndani ya barua mojawapo, iliyokunjwa mara nne. Daktari aliisoma mara mbili. Akakata jina la dawa kwenye faili akaandika nyingine. Mtoto alipona kwa wiki moja na nusu, na alipokuwa akitoka alikuwa akiimba wimbo wa tangazo la sabuni, kwa sauti mbaya kabisa.

Jumapili baba akanipigia. Alikuwa amesikia kwa watu.

"Mjukuu wangu anaendeleaje?"

"Amepona. Yuko nyumbani."

"Sindano walimpa ipi?"

"Nyingine. Mama aliwaonyesha ile karatasi yako."

Nilisikia anavuta pumzi puani.

"Kwa hiyo ilisaidia," akasema.

"Ilisaidia."

"Walisema nini? Mama yako, dada yako. Walisema nini juu yangu?"

Maneno yalinijia yenyewe, mazuri, laini, yamepangika kama nilivyokuwa nikiyapanga tangu nina miaka minne. Yalikuwa mdomoni tayari. Nikayameza.

"Hawakusema kitu, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya," akasema. "Asante kwa kuniambia." Akaniuliza hali ya kazi, nikamwambia joto limezidi, viyoyozi vinaharibika kila siku. Akasema ndiyo, joto limezidi kweli. Kisha akakata simu.